Krimpa ya RJ45 na RJ11: jinsi ya kuichagua na kuitumia mpaka upate kebo isiyosumbua

Mtandao ukisumbua ofisini, watu hulaumu ruta, kisha kampuni ya intaneti. Mwisho kabisa ndipo mtu huinama kutazama kichwa cha plastiki kilichochomekwa nyuma ya mashine, na mara nyingi sana tatizo liko hapo.

Krimpa ni koleo la kubania vichwa hivyo kwenye kebo: RJ45 ni kichwa cha kebo ya mtandao, RJ11 ni cha kebo ya simu. Kukrimpu RJ45 ni kuzamisha vipande vinane vya shaba, tunavyoviita pini, ndani ya nyaya nane kwa mkandamizo mmoja. Hakuna lehemu wala skrubu. Pini inatoboa plastiki ya waya na kung'ang'ania shaba iliyo ndani. Ikizama vizuri, kebo inadumu miaka. Ikizama nusu, kebo inaweza kupitisha data leo, kisha ikaanza kukatakata baada ya wiki chache, joto likiwa limepanda au mtu akiwa amesogeza meza. Ndiyo maana nasisitiza jambo moja katika mwongozo huu wote: kebo, kichwa na krimpa lazima vikubaliane. Krimpa ya bei kubwa haiwezi kuokoa kichwa kisichoendana na kebo, na kichwa kizuri hakiwezi kuokoa kebo ya ovyo.

Anza na kebo

Kebo nyingi za mtandao tunazofunga ni za madaraja ya Cat5e na Cat6. Zote mbili hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na huo ni urefu wote, pamoja na vipande vifupi vya kuunganishia kwenye kompyuta na kwenye swichi, kile kifaa kinachogawa mtandao kwa mashine nyingi. Cat6 inaweza kufika gigabiti 10 kwa umbali mfupi, usiozidi mita 55 hivi. Ukitaka gigabiti 10 mita 100 nzima, hiyo ni kazi ya Cat6A.

Kabla ya kulipia boksi la mita 305, kata kipande kidogo, menya waya mmoja, kisha ukwangue kwa kisu. Ukiona wekundu wa shaba mpaka ndani, ni shaba. Ukiona weupe wa fedha chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, ile inayoandikwa CCA, na mara nyingine haiandikwi chochote. Ukinzani wake ni takribani mara moja na nusu ya shaba tupu, inakatika haraka ikikunjwa, na viwango vya TIA, chama cha Marekani kinachoweka viwango vya kebo, haviitambui kabisa. Kwa kompyuta moja iliyo mita kumi kutoka kwenye ruta itaonekana inafanya kazi. Kwa kamera ya CCTV inayopata umeme kupitia kebo hiyohiyo iliyo mita 70 kutoka kwenye rekoda, utaona kamera inazimika usiku taa zake za giza zinapowaka, kwa sababu umeme unapotea njiani. Hapo utakrimpu upya mara ngapi? Kosa haliko kwenye kichwa.

Jambo la pili la kuangalia ni kama kila waya una uzi mmoja mgumu au nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa. Kebo ya kupita ukutani na darini huwa ya uzi mmoja. Kebo fupi laini za mezani huwa za nyuzi nyingi. Tofauti hii ndiyo inayoamua ununue vichwa vya aina gani.

Vichwa vya RJ45 havifanani

Chukua kichwa, kielekeze kwenye mwanga, utazame ncha za chini za pini. Pini za waya wa nyuzi nyingi zina ncha mbili zilizopangana kwenye mstari mmoja, zinapenya katikati ya nyuzi. Pini za waya wa uzi mmoja kwa kawaida zina ncha tatu zilizopishana, moja huku, moja kule, ili ziukumbatie uzi kutoka pande zote. Ukitumia pini za ncha mbili kwenye uzi mmoja mgumu, ncha inaweza kuteleza pembeni na kugusa shaba kwa ukingo tu. Tesita, kifaa cha kupimia kebo, itawaka taa zote, utaondoka, na simu ya mteja itakufuata baadaye. Siku hizi vichwa vingi vya ncha tatu vinafaa kwa aina zote mbili, kwa hiyo huna shaka ukinunua hivyo.

Unene nao una uzito wake. Waya wa Cat5e kwa kawaida ni AWG 24 (kipimo cha Marekani cha unene wa waya; namba ikipungua waya unanenepa), karibu milimita 0.51 za shaba. Wa Cat6 mara nyingi ni AWG 23, karibu milimita 0.57, tena na plastiki nene zaidi. Ukilazimisha Cat6 ndani ya kichwa cha Cat5e, nyaya zinakwama kabla ya kufika mwisho. Vichwa vingi vya Cat6 vina matundu ya ngazi, manne juu na manne chini, au vinakuja na kipande kidogo cha plastiki cha kupangia nyaya kabla ya kuziingiza.

Kuna pia vichwa vya kupitiliza, ambavyo nyaya zinatokeza mbele, kisha krimpa inazikata palepale inapobana. Anayeanza atavipenda kwa sababu unaona rangi zote kabla ya kubana. Lakini vinahitaji krimpa yenye wembe wa kukata mbele. Wembe ukiwa butu, unaacha vinyweleo vya shaba vinavyogusana kwenye ncha, na hilo ni baya zaidi ikiwa kebo inabeba umeme wa kamera. Mimi kwa kazi ya kudumu bado napendelea kichwa cha kawaida kilichofungwa mbele.

Ukiwa pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, usinunue vichwa vya pini zilizopakwa dhahabu kidogo mno. Hewa ya chumvi inakula mguso polepole. Pakiti nzuri huandika unene wa dhahabu, na mikroinchi 50 ndiyo ninayoitafuta.

Krimpa yenyewe

Ukipita Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, utaona krimpa za kila rangi zimetundikwa. Kwa nje zinafanana, kwa hiyo angalia mambo haya.

La kwanza ni racheti, ule utaratibu wa meno ndani ya mpini unaozuia krimpa kufunguka mpaka umebana hadi mwisho. Bila racheti, nguvu ya mkono wako ndiyo kipimo, na mkono uliochoka saa kumi jioni juu ya ngazi haubani kama wa asubuhi. Nikitakiwa kutaja sifa moja tu ya kulipia zaidi, ni hii. Hakikisha pia ina kitufe au wenzo mdogo wa kuiachia endapo umeweka kichwa vibaya katikati ya kazi.

La pili ni namna inavyobana. Krimpa za bei ya chini hufunga kama mkasi, upande mmoja ukitangulia. Matokeo yake pini za upande mmoja zinazama na za upande wa pili zinabaki juu kidogo, na hapo pini ya 1 au ya 8 ndiyo ya kwanza kuleta shida. Krimpa nzuri inasukuma pini zote nane kwa mkupuo, moja kwa moja. Ifunge ikiwa tupu uitazame kwa ubavu: meno manane yanakwenda sawa, au yameinama?

La tatu ni matundu. Tundu la nafasi 8 ni la RJ45. La nafasi 6 ni la RJ11 na RJ12 za simu. La nafasi 4 ni la ule waya wa kujiviringisha unaounganisha mkono wa simu na mashine yake. Usilipie matundu ambayo hutayatumia, lakini kama unahudumia hoteli au ofisi yenye simu za ndani, nafasi 6 utaihitaji.

Mwili wa chuma hudumu kuliko wa plastiki, na nyembe za kukatia na kumenyea ziwe za kubadilishika. Nenda dukani na kichwa chako na kipande cha kebo unayotumia, umwombe muuzaji ukrimpu kimoja hapohapo. Pitisha ukucha juu ya pini. Zote ziwe zimezama kwa usawa, chini ya kingo za plastiki zinazozitenganisha. Ukucha ukinasa kwenye moja, irudishe krimpa hiyo.

Mpangilio wa rangi na sababu yake

Kuna mipangilio miwili, T568A na T568B. Mafundi wengi ninaofanya nao kazi hutumia B, nami nakushauri hivyo, isipokuwa jengo limeshafungwa A. Shika kichwa ulimi (kile kipande cha plastiki kinachonasa kwenye soketi) ukiwa chini na tundu la kuingizia kebo likikuelekea. Pini ya 1 iko kushoto. B inakwenda hivi:

1. nyeupe-chungwa
2. chungwa
3. nyeupe-kijani
4. bluu
5. nyeupe-bluu
6. kijani
7. nyeupe-kahawia
8. kahawia

Katika A, jozi ya kijani na jozi ya chungwa zinabadilishana nafasi, basi. Kitu cha lazima ni ncha zote mbili ziwe sawa. Kebo ya kukingama, A huku na B kule, ilikuwa muhimu zamani kuunganisha kompyuta mbili. Vifaa vya gigabiti vinajigeuza vyenyewe.

Watu huuliza kwa nini kijani kinaruka juu ya bluu badala ya kukaa pamoja. Jibu liko kwenye simu. Laini ya simu hukaa kwenye pini mbili za katikati, kwa hiyo jozi ya bluu ikaachiwa katikati, pini ya 4 na 5, na jozi nyingine ikakaa pembeni yake, pini ya 3 na 6. Ukipanga rangi "vizuri kwa macho", nyeupe-kijani na kijani, kisha nyeupe-bluu na bluu, pini ya 3 na ya 6 zitaangukia kwenye nyaya za jozi mbili tofauti. Nyaya husokotwa wawili wawili ili kelele inayouingia mmoja iuingie na mwenzake, kisha kifaa kiifute. Ukizitenganisha, ulinzi huo umekwisha. Na hatari yake ni kwamba tesita ya taa itakuambia kila kitu kiko sawa, kwa kuwa 1 inafika 1 na 8 inafika 8. Kwenye kipande kifupi mtandao utapita kwa kujikongoja. Kwenye mita 40 utapoteza pakiti za data ovyo na hutajua kwa nini.

Kukrimpu, hatua kwa hatua

1. Zima au chomoa umeme wa kebo kama inalisha kamera au redio. Usikate kebo yenye umeme ndani.

2. Kata ncha ya kebo iwe mraba. Ikiwa unatumia kofia ya mpira ya kufunika kichwa, ipitishe sasa. Baada ya kukrimpu haiingii tena.

3. Menya ganda sentimita 3 hivi. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Wembe wa krimpa unatakiwa ukwaruze ganda tu. Zungusha kebo mara moja, kisha ikunje kidogo pale ulipokwaruza, ganda litapasuka lenyewe. Ukizungusha kwa nguvu mpaka chini, wembe unaingia kwenye plastiki ya nyaya, na waya uliochubuka ndio utakaokatika mbele ya safari. Tazama nyaya zote nane moja moja. Ukiona hata alama ndogo, kata uanze upya. Kebo nyingi zina uzi wa kuchania ndani. Shika huo uvute urudi nyuma, ganda litachanika bila wembe kugusa nyaya.

4. Kebo ya nje iliyojazwa jeli ifute vizuri kwa kitambaa kabla ya kuendelea, la sivyo nyaya zitateleza na kubadilishana nafasi mkononi mwako. Kama kuna mgongo wa plastiki katikati, kama ilivyo kwenye Cat6 nyingi, ukate mpaka usawa wa ganda.

5. Fungua msokoto wa kila jozi, zipange rangi, kisha zibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Zivute huku ukizitikisa kushoto kulia mpaka zinyooke na zikae bapa kama utepe. Usiwe na haraka hapa. Zikishanyooka hazirukiani unapoziingiza.

6. Pima milimita 13 kutoka kwenye ganda, ukate zote kwa mkato mmoja ulio mraba. Hicho ndicho kipimo cha juu kabisa cha waya usiosokotwa. Ukiacha ndefu zaidi, ganda halitaingia ndani ya kichwa, na uzito wote wa kebo utaning'inia kwenye nyuzi nane za shaba.

7. Ingiza nyaya, ulimi ukiwa chini, nyeupe-chungwa kushoto. Sukuma kwa uthabiti. Kisha geuza kichwa ukitazame kwa mbele: uone ncha nane za shaba zinang'aa kwenye plastiki. Saba hazitoshi. Kitazame kwa ubavu: ganda lipite chini ya kile kibanio cha plastiki kilicho nyuma. Soma rangi tena kwa sauti, moja moja. Hii ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kurekebisha bila kupoteza kichwa.

8. Bila kulegeza kebo, ingiza kichwa kwenye tundu la nafasi 8 mpaka kigote, ubane mpaka racheti ijiachie yenyewe. Usisaidie kwa kukitingisha.

9. Kagua. Pini zote ziko usawa mmoja, kibanio kimeshika ganda, ulimi haujavunjika. Vuta kebo kwa upole, ganda lisiteleze.

Acha akiba ya sentimita 30 au zaidi nyuma ya kila kichwa, iwe kwenye kabati la swichi au nyuma ya kamera. Fundi atakayekuja baadaye, na huenda ukawa wewe, atahitaji kukata na kurudia. Kebo iliyokatwa fupi mpaka ikakaza haina nafasi hiyo.

Kwa kebo inayopita ukutani na kubaki humo, nashauri isikrimpiwe kabisa. Malizia kwenye soketi ya ukutani, ile unayosukumia nyaya kwa kifaa cha kupigia, kisha tumia kebo fupi laini kutoka soketi hadi kompyuta. Waya wa uzi mmoja haupendi kukunjwakunjwa kila siku, na soketi inaubakiza ukiwa umetulia.

Kupima, na kusoma kinachosema tesita

Tesita ya kawaida ina vipande viwili na taa 1 hadi 8. Taa isiyowaka ni waya usiofika. Taa mbili kuwaka pamoja ni nyaya zinazogusana. Taa kuwaka nje ya zamu ni rangi zilizobadilishana. Tikisa kichwa wakati taa zinapita. Inayopepesa imeshikwa nusu.

Kisha angalia kasi ambayo kompyuta na swichi wamekubaliana. Mtandao wa megabiti 100 hutumia pini 1, 2, 3 na 6 pekee. Gigabiti hutumia zote nane. Kwa hiyo vifaa vyote viwili vikiwa vya gigabiti na bado kompyuta ikaandika megabiti 100, elekeza macho kwenye bluu na kahawia: 4, 5, 7 au 8. Nimeona ofisi zikilipia kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti mwezi baada ya mwezi, kumbe kahawia mmoja haukufika mwisho wa kichwa.

Ukihitaji kurekebisha, angalia kwanza kama pini imebaki juu. Mbano wa pili unaweza kuizamisha. Kosa likiwa la rangi au la waya mfupi, kata kichwa ukitupe. Hakifunguki kikatumika tena. Anza na ncha inayoonekana mbaya zaidi, upime, kabla ya kukata ya pili.

Upande wa simu

Kichwa cha simu kina nafasi 6. Kikiwa na pini 2 au 4 kwa kawaida kinaitwa RJ11, kikiwa na 6 ni RJ12. Laini moja ya simu inahitaji pini mbili za katikati tu. Kwenye kebo bapa ya nyaya nne, nyekundu na kijani hukaa katikati, nyeusi na njano pembeni. Ukitumia Cat5e kwa simu, weka jozi ya bluu katikati.

Kebo bapa haina msokoto, kwa hiyo unaimenya kwa wembe wa bapa, milimita 6 hivi, na kuiingiza jinsi ilivyo. Linaloleta utata ni upande wa ulimi. Ilaze kebo mezani: ulimi wa ncha zote mbili ukielekea juu, nyaya zinapishana, 1 inakwenda upande wa mwisho. Ulimi mmoja juu na mwingine chini, nyaya zinakwenda sawa. Kwa simu ya kawaida ya nyaya mbili hakuna tofauti utakayoiona. Kwa simu za kidijitali za mitambo ya ofisi na hoteli, fuata kebo iliyokuja na simu yenyewe.

Chomoa laini kabla ya kuigusa. Ikiwa imetulia ina takribani volti 48 za mkondo mnyoofu, lakini simu ikiita inapanda hadi karibu volti 90 za mkondo geu, na inakurusha mkono ukiwa juu ya ngazi. Kwa sababu hiyohiyo usichomeke laini ya simu kwenye tundu la mtandao la kompyuta. Kichwa cha RJ11 kinaingia kwenye soketi ya RJ45, na hata bila umeme kingo zake zinaweza kukandamiza pini ya 1 na ya 8 mpaka zipinde. Soketi hiyo ikirudishwa kwenye mtandao, pini ya 8 isipogusa huenda ikawa ile ya megabiti 100 tuliyoizungumzia, na ya 1 isipogusa mtandao hautapita.

Kuitunza krimpa

Ifute baada ya kazi, hasa ukishakata kebo ya jeli, kwa maana jeli inanasa vumbi kwenye racheti. Tone moja la mafuta mepesi kwenye viungo, lisifike kwenye meno ya kubania. Usikatie waya wa chuma wala kebo ya kuning'inizia kwa nyembe zake; tumia koleo. Nyembe zikianza kusaga badala ya kukata, zibadilishe. Meno ya kubania yakianza kuacha pini moja juu kila mara, mahali palepale, kwenye kichwa kipya na kebo nzuri, krimpa hiyo imekwisha kazi ya mtandao.